Shati Ulilovaa Jukwaani

Fordsburg, Johannesburg
Ijumaa mchana

Kaka yangu Gervas,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama juu ya kiti cha mtu sokoni ukiomba kura, shuka kwanza uisome. Mama hajambo? Mguu wake umepungua uvimbe, au bado anauficha kwa kitenge ili msiuone? Mke wangu Pendo na watoto nao nawaulizia, ingawa najua wako hapo hapo kwako na wakiugua utakuwa wa kwanza kuwabeba. Mimi nikikwambia ni mzima nitakuwa nimekudanganya. Mwili upo, unakula na kutembea. Mengine utayasoma humu, na nakuomba usiruke mistari kama ulivyozoea.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu tunazo. Jumapili nilikutumia ujumbe wa sauti, mrefu, nikalia humo ndani mtu mzima mwenye ndevu. Ukanijibu kwa alama ya kidole gumba na picha ya bango lako la kugombea udiwani. Nilitaka kukuandikia kwamba sikukasirika, lakini nilikasirika sana, kaka. Sasa nimechukua kalamu, maana karatasi haina mahali pa kubonyeza ikaenda mbio. Atakuletea Mama Rehema, yule mfanyabiashara wa mablanketi wa hapo Kasulu. Anapanda basi kesho na ameniahidi atakukabidhi mkononi.

Naandikia dukani kwa tajiri wa Shabani, yule rafiki yangu wa Tanga anayeuza vitambaa hapa Fordsburg. Wamefunga duka wameenda kuswali Ijumaa, nimebaki mimi, majora ya vitambaa na cherehani zangu mbili nilizozikokota kutoka Diepsloot, mtaani kwangu. Tatu zimebaki kule, ndani ya kontena langu la kushonea. Jumatatu linakuja gari la winchi la halmashauri. Nisipokuwa na barua moja yenye muhuri wa diwani, kontena linanyanyuliwa na vilivyomo, na mimi sina tena kazi katika mji huu. Barua hiyo sijaipata na sioni nitaipata wapi. Nakueleza ilivyokuwa.

Mwanzoni mwa mwaka jiji lilitoa amri kwamba kila mwenye duka, kibanda au kontena mitaani ajiandikishe. Pasi ninayo, kibali changu kiko hai, hata mtungi wa kuzimia moto nimetundika mlangoni. Kinachodaiwa mwisho ni barua ya diwani wa kata yako, aseme anakujua, unaishi hapo na unafanya kazi hapo, kisha agonge muhuri. Ni kama ile barua ya mwenyekiti wa mtaa kwetu, ambayo tulikuwa tunaifuata asubuhi na kurudi nayo kabla chai haijapoa.

Diwani wetu alikuwa Baba Khoza, mtu mnene, mcheshi, niliyemshonea suti ya harusi ya bintiye. Nilimfuata miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Akanishika bega, akasema sasa hivi ana mikutano asubuhi na jioni, nimwache ashinde kwanza, barua ataniandikia kwa raha zake wiki inayofuata. Halafu akanipa fulana ya kampeni yenye sura yake kifuani. Pamba nzito, kaka, siyo zile za kwetu zinazotoboka ukizipiga pasi.

Hapo nilikosea mara mbili, na makosa yote niliyatoa nyumbani. La kwanza, nilimwamini. Chama chake kilikuwa kimeshinda kata ile kila mara, na mimi nilipiga hesabu za kwetu, kwamba chama kikubwa ni kikubwa, uchaguzi unakuja na kupita na mzee wako unamkuta kwenye kiti kile kile. La pili ni fulana. Kwetu kampeni ni msimu wa mavuno ya nguo. Unakumbuka kanga za Mama za vyama vitatu? Ya kimoja alimbebea mdogo wetu Skolastika mgongoni, ya kingine alifunikia unga, ya tatu alijitanda kwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kumuuliza ni wa nani. Basi na mimi nikaivaa fulana ya Khoza kama nguo ya kazini. Huku, kaka, ukivaa sura ya mtu umesema neno, na watu wamelisikia.

Sasa siasa za huku nazo zilikuwa zinageuka na mimi nimeinama kwenye cherehani. Mwaka mzima maji machafu yalikuwa yanatiririka mtaani kwetu, yanapita mbele ya mlango wa Gogo Maseko, mwenye nyumba wangu. Gogo ni bibi kwa lugha yao, na kwangu alikuwa bibi kweli. Chumba chake cha uani nimekaa miaka tisa. Nikiumwa ananiletea uji, Jumapili namnyooshea sare yake ya kanisa. Kikaja chama kipya, vijana wenye vipaza sauti, wakaweka bango kwenye nguzo ya robot, taa za barabarani pale njia panda. Bango lilikuwa na ahadi mbili. Juu, mitaro itazibuliwa. Chini, biashara za mitaani zitarudi mikononi mwa wenyeji.

Siku ya kura Gogo aliamka mapema akapanga foleni na kigoda chake. Jioni alikuja kontenani, kidole gumba kina wino, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Onesmo," akasema, "sikupiga kura wewe uondoke. Nimepiga kura uchafu uondoke mlangoni kwangu."

Nilimwambia najua, Gogo. Na kweli najua. Yeye alisoma bango juu, hakufika chini. Khoza akaanguka. Na mjini kwenyewe hakuna chama kilichopata nusu ya viti, kwa hiyo vyama vidogo vimeshikana mikono kumweka meya, na meya mwenyewe anajua wakiachana kesho naye hana kiti. Huku mameya wanabadilishwa kama mashuka ya hospitali. Aliyepita alisogeza mbele mwisho wa kujiandikisha. Huyu mpya anataka aonekane ana nguvu, ameurudisha nyuma. Ndiyo maana ni Jumatatu.

Nilikwenda ofisi ya kata mara tu diwani mpya alipokabidhiwa funguo. Anaitwa Nomsa, dada mdogo tu, alikuwa akisaidia walimu shule ya chekechea. Ilikuwa saa nane mchana na mvua ya mawe ya huku ilinikamata njiani. Nimeingia nimelowa chapachapa, chumba kimejaa watu na joto lao, nikavua koti nikalikunja mapajani. Sikukumbuka nimevaa nini ndani. Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja akacheka. Nikatazama kifua changu, nikamwona Khoza ananichekea, meno yote nje.

Kaka, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Nikavaa koti haraka, lakini kijana mmoja alishapiga picha. Akasema kwa sauti ndio hawa, ndio waliokuwa wakimpigia Khoza kura miaka yote. Nikainua kidole gumba changu cha kushoto, nikawaonyesha hakina wino, nikawaambia mimi ni mgeni, sipigi kura, fulana nimepewa tu. Nilisema kwa Kizulu changu cha sokoni, na nadhani lafudhi ndiyo iliyowaudhi zaidi. Hakuna aliyenigusa. Walinisogelea tu hadi nikasikia pumzi zao.

Nomsa akatoka, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Nilimpa karatasi zangu zote. Alizisoma mpaka mwisho, nakiri hilo. Muhuri ulikuwa pale mezani, karibu na kikombe chake, ningeweza kuufikia kwa mkono.

"Eish, bhuti," akasema, akiniita kaka kwa lugha yao. "Sare ya mwanangu umeishona wewe, najua unaishi wapi. Lakini walionichagua wamesimama hapo nje wanaangalia muhuri huu unamgongea nani."

Nilimwambia wewe ni diwani wangu pia, hata kama sikukupa kura. Akainamisha kichwa. Alisema angekuwa na mwaka mmoja kwenye kiti labda angethubutu, ila ana siku nne. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, kwa ushauri wake.

Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla sijafika mimi. Kesho yake akina mama walioniletea vitambaa vya sare za shule walikuja kuvichukua, mmoja mmoja, wengi hawanitazami. Mmoja aliniomba radhi. Ukutani mwa kontena mtu ameandika kwa rangi nyeusi kwamba nirudi kwa Khoza, kama vile Khoza ni nchi. Nilijaribu kuifuta kwa mafuta ya taa, ikasambaa ikawa kubwa zaidi. Nikacheka peke yangu, halafu nikakaa chini ya meza ya kukatia na kulia.

Gogo aliposikia alivaa sare yake ya kanisa, siku ya kazi, akaenda mwenyewe kwa Nomsa kuniombea. Nilimsubiri kontenani na moyo wangu wote uko kwake. Alirudi polepole. Hakuja kontenani, aliingia kwake akakaa kitandani, nikamfuata. Akaniambia kule ofisini wamemuuliza chumba cha uani amempangisha nani, na wamesema watapita nyumba kwa nyumba. Akanishika mikono yote miwili. Aliniomba nihamishe vitu vyangu kwa muda, mpaka watu watulie. Alisema "kwa muda" mara nyingi mno. Mtaro bado unatiririka mlangoni kwake, niliuruka hapo hapo na godoro langu kichwani.

Ndivyo nilivyofika Fordsburg. Nalala sakafuni kwa Shabani nyuma ya duka, na tajiri wake amekubali kunivumilia hadi Jumapili tu. Nimeomba kazi kwa mafundi wengine humu, kila mmoja ana ndugu yake anayesubiri. Nimemtafuta Khoza, simu inaita tu. Shabani anasema nimpigie tena Nomsa, nimpigie mtu wa jiji, nimpigie wakili. Nimechoka kupiga. Kuna wakati nakaa natazama sindano imesimama kwenye kitambaa nashindwa hata kukanyaga pedeli.

Kaka, hayo yote ningeyameza. Ningekuandikia tu kwamba mambo magumu, niombeeni, nawasalimu. Lakini juzi, nimekaa juu ya godoro langu lililokunjwa, nikafungua simu nikakuta ile video mliyoisambaza wewe na timu yako.

Umesimama sokoni kwetu, umevaa shati la kijivu la mikono mifupi. Shati lile nililikata mimi katika kontena lile, nikampa Mama Rehema akuletee ulipotangaza kugombea. Nilifurahi, kaka, usidhani sikufurahi. Nikamwita Shabani aje amwone kaka yangu. Watu wamejaa, wanapiga vigelegele. Ukasema chama chenu kilipoteza kata hii uchaguzi uliopita kwa sababu kilikuwa kinaogopa kusema ukweli, na wewe huogopi. Kisha ukasema: "Nikiingia, vibanda vya Warundi vitakuwa vya watoto wetu. Kila Mrundi ataonyesha barua yake, na mwenye kutoa barua ni mimi."

Shabani alitoka nje. Mimi nilirudia video mara nyingi, sitaki kukutajia ngapi. Nikaona mambo mengine. Nilimwona Mama mstari wa mbele, mikono mapajani, hapigi makofi. Na nyuma ya bega lako la kulia nikaona kibanda cha bluu. Kimefungwa. Siku ya gulio, jua la saa sita, kibanda cha Fundi Nahimana kimefungwa.

Gervas, wewe umesahau au unajifanya? Baba alipokufa sisi tulikuwa na kaptura moja ya shule kwa wawili. Nani alitushonea ya pili? Nani alinikalisha kwenye cherehani nikiwa miguu haifiki, akaniwekea tofali chini ya pedeli? Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana hata mtoto hapotei katikati. Alikuwa akikuita profesa kwa sababu ulikuwa unasoma chini ya meza yake, kwenye vipande vya vitambaa, na ulipofaulu alifunga kazi siku nzima akanywa bia. Miaka yote ninayotuma kitu nyumbani, paa la Mama, shule yako ya ualimu, vyote vimetoka kwenye mikono aliyoifundisha yeye. Mrundi huyo. Leo amefunga mlango kwa sababu umesimama mbele yake.

Najua utanijibu nini. Utasema siasa ni siasa, maneno ya jukwaani hayana miguu, ukishinda utamlinda Nahimana kimyakimya. Nomsa naye ni mtu mwema, kaka. Mwanae anavaa sare yangu. Alinionea huruma kabisa, akanitoa kwa mlango wa nyuma. Ndiyo huruma utakayokuwa nayo wewe. Ukishachaguliwa kwa maneno yale, waliokuchagua watakuja kukaa ofisini kwako na kuutazama muhuri wako, na hutathubutu.

Sikuombi nauli, wala usimwambie Mama auze chochote. Nakuomba simama tena pale pale, siku ya gulio, uwaambie watu kwamba ulikosea. Waambie aliyekushonea kaptura ni nani. Utapoteza kura, najua. Pengine utapoteza kata, chama chako kitakununia na wale vijana wako wa vipaza sauti watahamia kwa mwingine. Nakuomba uipoteze. Sijawahi kukuomba jambo zito kama hili na sina haki ya kukuomba, mdogo mimi. Lakini nimefukuzwa huku, kaka, na mahali pa kurudi ni hapo tu. Nikishuka basi Kasulu nikute kibanda kile amekaa mtoto wa mtu mwingine kwa barua yako, nitakuwa nimefukuzwa na huko. Sitajua niende wapi tena.

Huku nje wameanza kurudi kutoka msikitini, nasikia wanafungua milango, inabidi nimalizie. Msalimie Mama, mwambie nilimwona mstari wa mbele na nilimwelewa. Pendo mwambie nipo, asisikilize ya kwenye simu za watu, na watoto awabusu kwenye paji la uso. Skolastika mwambie mtoto wake akianza shule nitamshonea sare mwenyewe, popote nitakapokuwa. Mjomba naye asinisahau anapoongoza rozari jioni. Baba Paroko msalimie.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Onesmo

Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimeifungua tena. Kwenye video nimeona kola ya shati lako imeachia upande wa kushoto, uzi unaning'inia. Ukiuvuta kola itatoka yote, uache hivyo hivyo. Ile ni kola ya kushonwa kwa ndani, siyo kila fundi anaijua, na hapo Kasulu namjua mmoja tu. Gonga mlango wake, atafungua akisikia ni wewe. Mpelekee mchana, watu wakiwepo.